Boston Ndogo ya Al Qabil

Jumanne, 1 Februari 2005

Mohannad amenipigia simu kutoka Nizwa. Anataka kuoa! Miaka mitatu namwimbia wimbo huo huo, hataki kuusikia, leo yeye mwenyewe ananipigia saa za kazi, sauti imemkauka kama mtoto aliyevunja sahani.

Msichana anaitwa Rahaf. Yuko mwaka wa mwisho, chuo cha ualimu hapo hapo Nizwa, na mwanangu ndiye anayetengeneza kompyuta za chuo. Hawajawahi kukaa pamoja, anasema. Salamu tu. Nikamwambia salamu gani hizo za kumtoa mtu jasho mwezi wa Februari. Akacheka, nikajua kapenda kweli.

Watu wa wapi? Kwao Al Qabil. Baba alizaliwa Bujumbura. Watu wa bara! Sisi tuliorudi Omani kutoka Unguja tuna maneno yetu, Mungu atusamehe — marehemu mama angesema Kiswahili chao kinakwaruza masikio. Lakini mama hayupo, mwanangu ana miaka ishirini na saba, na mimi tangu mume wangu Zuhair afariki nakula chakula cha mchana na televisheni. Nataka watu nyumbani. Nataka kelele. Nikasema tutakwenda Ijumaa.

Halafu akanipa la mwisho, haraka haraka, kama mtu anayepitisha kitu forodhani. Baba wa msichana, Bwana Khattab, amejenga shambani kwake kiwanja cha besiboli cha Boston, Marekani. Mfano wake, kidogo. Tukifika lazima atatutembeza, na sisi lazima tukisifu.

Kiwanja cha Boston! Al Qabil! Katikati ya mitende!

Jumatano, 2 Februari

Nimekwenda kwa shemegi Musallam. Yeye ndiye ndugu wa marehemu, posa lazima aipeleke yeye. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Shemegi anapenda sana kupeleka mambo. Ameshaandika na barua ya posa kwa mkono wake, kama kwetu zamani — karatasi nzito, bismillahi juu, bahasha inanukia. Ataanza kwa kusoma nasaba mpaka babu wa saba. Nimemwomba aishie wa nne.

Habari za kiwanja hazitaki kabisa. Mtu mzima mwenye akili zake hajijengei vitu vya kuchezea, anasema. Nikamwambia hatuendi kuposa kiwanja.

Ijumaa, 4 Februari

Nacheka, na nina hasira. Vyote viwili kwa pamoja. Wacha niandike tangu mwanzo.

Tulitoka kwetu Ibra baada ya sala ya Ijumaa. Mohannad anaendesha, shemegi mbele — joho, jambia, kilemba cha rangi ya zafarani, barua mfukoni — mimi nyuma na sahani ya visheti mapajani. Njia nzima shemegi anajisomea nasaba kwa sauti ndogo. Mohannad akaipita njia ya kuingilia Al Qabil bila kuiona, ikabidi turudi nyuma. Sikumsema.

Bwana Khattab alitupokea langoni. Mfupi, ndevu nyeupe, kanzu imepigwa pasi barabara, na kichwani, badala ya kofia, chepeo ya buluu yenye herufi nyekundu. "Hayyakum! Karibuni! Karibuni sana kabisa!" Shemegi aliitazama ile chepeo mpaka nikamkanyaga mguu.

Mkewe, Bi Shukriya, mnene, mcheshi, nilimpenda pale pale. Kiswahili chake kinakwaruza kweli, lakini kinachekesha, na anakushika mkono anapokisema. Na Rahaf akaja. "Shikamoo, mama." Akanibusu mkono. Mrefu, mtaratibu, anakutazama unapozungumza mpaka umalize. Nikamwambia marahaba mwanangu, na neno "mwanangu" lilitoka lenyewe. Mohannad alikuwa anaziangalia kandambili zake.

Basi kiwanja. Tukapita kijia katikati ya mitende, tukafika kwenye kimlango kifupi, mtu lazima ainame. Nikainama huku nimetayarisha sifa zangu — mashaallah, kazi kubwa — nikainua kichwa, maneno yote yakanipotea. Ni kiwanja! Kijani kitupu, mistari ya chokaa imenyooka, ngazi za saruji za kukalia watu zimepakwa rangi, nyekundu na buluu. Majani yenyewe ni gati, yale tunayolishia mbuzi, yamekatwa chini mpaka yakawa zulia. Bi Shukriya anasema mbuzi wao wanakula Boston kila Jumanne.

Kushoto ukuta mrefu wa kijani. Bwana Khattab anasema ukuta huo ndio sifa ya kiwanja cha kweli, unapita nyumba ya ghorofa tatu, dunia nzima wanaujua. (Mimi nilikuwa siujui.) Wa kwake ni robo. Kila kitu ni robo! Alipima mwenyewe kwa kamba. Nyuma ya ukuta amesimamisha bango la zamani la kituo cha petroli, kwa sababu Boston nako bango la petroli linachungulia hivyo hivyo. Kituo kilikuwa kinavunjwa, akaomba bango, akalipakia kwenye pikapu. Nyuma ya bango unapita mfereji wa falaji.

Nikamuuliza kwa nini. Sikuuliza kwa adabu, niliuliza kwa kutaka kujua. Akasema alipelekwa Boston kusoma uhandisi, kijana, hana mtu. Kiarabu chake kibovu wakati ule, Kifaransa cha Bujumbura hawakijui, Kiswahili atasema na nani. Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya kiwanja. "Bon, jioni nafungua dirisha, nasikia watu elfu thalathini wanapiga kelele. Sijui wanalilia nini. Lakini najua kuna watu. Basi na miye napiga kelele. Peke yangu, chumbani." Mchezo wenyewe aliujua baadaye, kelele ndizo zilizomfundisha.

Na timu yake mwaka jana imechukua kombe, mara ya kwanza baada ya miaka themanini na sita! Ilikuwa Ramadhani. Alichinja mbuzi wawili, akafuturisha mtaa mzima, watu wakamuuliza anaondoa nadhiri gani. Alipokuwa anatuhadithia machozi yalimlengalenga. Shemegi akakohoa.

Tukakaa kwenye ngazi. Halwa, tende, machungwa, vitumbua, visheti vyangu. Bwana Khattab akashika dele la kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akammiminia shemegi finjani ya kwanza, akampa — na akabaki kumtazama. Nililiona hilo. Alimtazama kama anayesubiri kitu. Shemegi akanywa. Akaongezwa, akanywa. Ya tatu akanywa, akaitikisa finjani kuonyesha basi, akasifu iliki. Bwana Khattab akasema alhamdulillah, akaliweka dele chini. Kisha akapiga makofi na kusimama: "Haya! Basi tucheze!"

Shemegi alikuwa ameshaanza kusafisha koo kwa ajili ya nasaba.

Sasa haya yanayofuata nayaandika kwa raha yangu. Wamecheza wao, watoto wa majirani na Mohannad, na Mohannad hakupiga hata mpira mmoja, masikini, kila ukija anaangalia pengine. Bwana Khattab akauliza nani mwengine. Nikainua mkono. Mimi! Nikasema skuli kwetu Unguja tulikuwa na mchezo wa raundaz, gongo fupi, vituo vinne, na mimi ndiye niliyekuwa kapteni wa darasa. Mara ya mwisho kushika gongo ilikuwa Disemba ya 1963, nina miaka kumi na nne. Mwezi uliofuata yakatukuta yaliyotukuta, skuli hatukurudi.

Akanionyesha kushika kwa mikono miwili. Nikamwambia wacha. Nikashika kwa mmoja, kama nilivyofundishwa. Akarusha.

Paaa! Mpira ukapaa, ukapita ukuta wa kijani, ukagonga bango la petroli, ukaangukia kwenye falaji. Kisha Bwana Khattab akavua chepeo yake, akairusha juu: "Hom ran! Mama amepiga hom ran!" Kumbe ndilo jina la mpira unaopita ukuta. Wote wakanipigia kelele nikimbie, nilikuwa nimesahau kukimbia. Nikashika baibui kwa mkono huu na mtandio kwa mkono huu, nikakimbia vituo vyote vinne, umri wangu miaka hamsini na tano na goti moja bovu. Rahaf alikuwa anaruka ruka. Mohannad alimtazama akicheka, akasahau kuangalia chini, nikawaona wote wawili. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Tukacheza mpaka magharibi. Tuliposali na kurudi kukaa, shemegi akatia mkono mfukoni. Nikasema kimoyomoyo, haya, sasa! Na pale pale chetezo kikaingia. Udi! Ukapita kwenye kilemba cha shemegi, ukapita chini ya ndevu. Na hili angalau tunalijua sote: udi ukishatoka, mgeni naye anatoka. Tukasimama. Tukashukuru. Tukaagana. Barua imo mfukoni!

Ndani ya gari sikusema mpaka tukafika barabara kubwa. Kisha nikasema. Shemegi anajitetea kuwa nafasi haikupatikana, kwamba mtu hawezi kuposa huku mama wa bwana harusi anarukaruka uwanjani kama kijana. Nikamjibu nasaba ya watu saba ingeniacha nimalize hata raundi mbili.

Jumamosi, 5 Februari

Mkono wa kulia hauinuki. Goti limevimba. Nimejipaka mafuta ya karafuu, nyumba nzima inanukia kama godauni.

Mohannad amerudi Nizwa alfajiri. Hakuamsha mtu. Chai niliyomtilia usiku kwenye chupa ameiacha.

Jumatatu, 7 Februari

Kumbe! Kumbe, kumbe, kumbe.

Jirani yangu Sheha kaja kuniangalia goti. Sheha ni mtu wa Ibra wa asili, Afrika hajaiona hata kwa ramani, Kiswahili kajifunza kwetu sisi majirani. Nikamhadithia safari yote. Nikifikiri atauliza hom ran. Akauliza kahawa.

"Kahawa mmekunywa?"

Nikamwambia tumekunywa, nzuri, ina iliki.

"Musallam naye kakunywa?"

"Vikombe vitatu."

Akajipiga paji la uso. "Ya waili, Ghanima! Kakunywa!"

Ndipo akanieleza. Huku kwao, mtu akija na haja kubwa — kuposa, kuombea mtu msamaha, kupatanisha — akipewa finjani ya kwanza haigusi kinywani. Anaiweka chini mbele yake, imejaa. Mwenye nyumba anaiona, anauliza: una haja gani? Mgeni anasema. Mwenye nyumba akikubali anamwambia kunywa kahawa yako, na akinywa mambo yamekwisha. Na kwa mwenye nyumba ni aibu kubwa kuiacha ile kahawa ipoe. Lakini akinywa tu mwanzoni, ndiyo kusema sina haja, nimekuja kutembea.

Kwetu Unguja kahawa ni kahawa! Ungemwachia mtu finjani yake ikapoa angekuuliza umeona nini ndani. Wazee wetu waliposa kwa barua na mshenga, na sisi tumerudi huku na barua zetu. Na Bwana Khattab? Kazaliwa Bujumbura, lakini aliyekuja nyuma ndiye anayeshika sana. Kila ada aliyoikuta huku kaishika kwa mikono miwili.

Nikacheka. Sheha hakucheka. Akanitazama, akaniuliza: msichana mlimwona? Nikamwambia alikuja kunibusu mkono. Akasema basi, ndiyo hayo. Mmekuja, mmemwona, mmekunywa, mmeondoka.

Kicheko kikaniishia. Masikini Rahaf.

Jumatano, 9 Februari

Bi Shukriya kapiga simu. Salamu ndefu, hali ya goti, hali ya mkono, mbuzi wameingia tena kiwanjani. Nikajua hajapigia hayo. Mwisho akasema Jumamosi wana wageni. Watu wa Sur, wenye maduka ya magari. "Wanakuja kwa mambo ya Rahaf." Na watu wa Sur, akasema, wanajua kuweka finjani chini.

Nikamwambia yote. Barua, mfuko, nasaba, vikombe vitatu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha sauti ikabadilika. Anasema Rahaf tangu Ijumaa hana raha. Alimuuliza: mama, nina kasoro gani?

Hapo nililia. Kwenye simu, bila haya. Mtoto yule ana kasoro gani! Kasoro ni zetu sisi.

Nikamwambia basi mwambie mzee. Akasema amwambie nini? Haja haipiti kwenye simu, tena baina ya wanawake. Khattab hawezi kujibu jambo ambalo hakuombwa. Watu wa Sur wakitangulia kuomba, itabidi awajibu wao. Msichana mwenyewe ataulizwa, ndiyo, lakini atamkataa mtu kwa ajili ya nani, kwa ajili ya watu waliokunywa wakaenda zao? "Ijumaa tunacheza," akasema. "Njooni. Lakini muje na mwanamme."

Nikavaa baibui nikaenda kwa shemegi, goti linaniuma kila ngazi. Amekataa! Mtu kamfukizia udi barua imo mfukoni, hawezi kurudi kwake. Nikamweleza ya finjani. Akakasirika zaidi. Yeye, Musallam, amwachie mtu kahawa yake ipoe mbele ya macho yake? Huo ni utovu wa adabu, hakulelewa hivyo, na kama hizo ndizo ada za watu wa Al Qabil basi mwanangu ana bahati kaepukana nao. Tena Ijumaa hayupo, anakwenda Maskati.

Ndugu wa kiume ninaye mmoja, yuko London. Mume wa Sheha yuko umra. Mohannad kujiposea mwenyewe ni aibu, atachekwa mpaka apate wajukuu. Nimekaa na finjani yangu ya kahawa hapa nimeitazama kwa muda mrefu sana. Ni chombo kidogo kweli.

Alhamisi, 10 Februari

Mohannad kaja. Hakula. Nimempikia pilau, anazungusha kijiko. Nikamwambia kesho tunakwenda Al Qabil. Akauliza na nani. Nikamwambia na mimi, sikutoshi?

Sina mpango wowote. Nakwenda kwa sababu kukaa nyumbani sitaweza.

Ijumaa, 11 Februari

Naandika hapa hapa kwenye ngazi za kiwanja. Daftari nilitia mkobani asubuhi, sijui kwa nini, na sasa naona ni heri. Mikono lazima ipate kazi. Saa kumi jioni inakaribia. Bwana Khattab ameingia nyumbani na hajatoka.

Tulifika wanacheza. Bwana Khattab alitupokea vizuri, chepeo kichwani, hayyakum hayyakum, lakini kwa mbali; si mtu yule wa wiki iliyopita. Akamwangalia Mohannad, akaangalia nyuma yetu kama kuna mwengine anashuka garini. Hakuna. Akasema karibuni mchezo.

Leo kuna jambo sikulijua. Ukuta wa kijani una madirisha! Wiki iliyopita yalikuwa yamefungwa. Ndani yake kuna nafasi nyembamba, mtu anasimama humo na vibati vyenye namba, mtu akifunga anabadilisha. Boston nako ni hivyo hivyo, mtu yumo ndani ya ukuta. Kuna mistari miwili imeandikwa kwa chokaa: WENYEJI, na chini yake WAGENI. Nikamuuliza Bi Shukriya nani yumo. Akaninong'oneza: Rahaf. Kazi hiyo ni ya Hiba, binti wa jirani, lakini Rahaf aliposikia gari yetu aliingia yeye, akamtoa Hiba akacheze. Hataki kutuona. Baba yake hana habari, anadhani yuko jikoni.

Nikautazama ukuta. Hauonyeshi kitu, vijidirisha vyeusi tu. Nikamwonea huruma, nikajionea haya, na nikataka kumwita nikashindwa nimwite kwa jina gani.

Tukawekwa sisi wageni upande mmoja na watoto wanne. WAGENI sifuri. Bwana Khattab anarusha, kisha anapumzika, anapita na dele. Akanimiminia mimi. Finjani ya kwanza, imejaa, ya moto. Na hapo hapo watoto wakapiga kelele: "Bi Ghanima, zamu yako! Zamu yako!" Pembeni mwa kituo cha kupigia kuna kiukuta kifupi. Nikaiweka finjani pale, nikachukua gongo, nikasimama.

Mpira hauji.

Nikainua macho. Bwana Khattab ameshika mpira, haniangalii mimi, anaiangalia finjani. Bi Shukriya mkono kifuani.

"Bi Ghanima," akasema taratibu. "Kahawa yako."

"Naam."

"Haikukupendeza?"

"Haina neno. Nzuri."

"Basi…" Akasita. Akaivua chepeo. "Una haja?"

Nilisahau, au sikusahau? Wallahi sijui. Mkono ndio ulioiweka. Najua tu kwamba ningeweza kucheka hapo, nikasema a-a, ni mpira huu. Wangecheka wote. Ningeinywa, tungecheza, nisingekuwa nimevunja ada ya mtu, na kesho watu wa Sur wangekuja na joho zao. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ile ya kukimbia vituo. Nikamwona Mohannad kasimama penye kimlango, rangi imemtoka.

"Ninayo," nikasema.

Nasaba sikusoma hata ya mtu mmoja. Nikasema namwomba Rahaf awe mke wa mwanangu Mohannad, na kwamba Ijumaa iliyopita tulikuja kwa hilo hilo, hatukuja kuangalia kiwanja.

"Hamkuja kuangalia kiwanja?" Aliumia kweli, uso ulimsawijika!

"Kiwanja tulikipenda tulipokwisha kufika."

Akafikiri. Akasema, kwa heshima, kuwa haja kama hii inakuja na wanaume. "Mwanamme wenu yuko wapi?"

"Mwanamme wetu alikunywa," nikamwambia. "Wiki iliyopita. Vikombe vitatu."

Bi Shukriya akaangua kicheko cha kuanguka. Bwana Khattab alijizuia, alijizuia, mabega yakaanza kumtikisika, akageuka akaangalia mitende. Aliporudi kututazama alikuwa ni yule yule wa Ijumaa iliyopita, na macho yamelowa. Akamuuliza Mohannad neno moja tu: ni kweli? Mwanangu akasema ni kweli, ami, na sauti haikumkauka.

"Bon," akasema Bwana Khattab. "Haja imefika. Finjani isiguswe." Lakini yeye hamtoi mtu bila kumuuliza mwenyewe. Atasali alasiri kwanza, amuulize bintiye, kisha atajibu. Akaweka chepeo juu ya kiukuta, kando ya kahawa yangu, kana kwamba anailinda, akainama kwenye kimlango akaenda zake nyumbani.

Akaenda nyumbani! Na Rahaf yumo ndani ya ukuta, amesikia kila neno.

Bi Shukriya nimemtazama, akaweka kidole mdomoni. Hatukumwita mumewe. Watoto wamekaa majanini wanachuma gati. Mohannad kaja kukaa ngazi ya chini yangu, mguu unamchezacheza mpaka ngazi yote inatikisika. Kahawa imeacha kutoa moshi. Sijui niombe dua gani, nasoma zote ninazozijua.

Sasa Bwana Khattab anasikika huko ndani. "Rahaf! We Rahaf! Uko wapi, mama?" Mlango wa jiko unafunguliwa. Wa chumbani. "Rahaf!"

Na ukutani bati limelia.

Nimeacha kuandika nikaangalia. Mstari wa chini, wa WAGENI. Vidole vimetoka kwenye kidirisha, vimeing'oa sifuri, vikapotea nayo. Tundu tupu, jeusi. Muda mrefu. Sasa vimerudi vinapachika moja. Inakwama, vinaisukuma, imekaa sawa.

Hakuna mtu aliyepiga mpira. Gongo liko hapa kwangu, mapajani. Bi Shukriya amegeuka upande wa mitende, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Bwana Khattab bado anaita huko ndani.

Mohannad, asiyejua nani yumo ukutani, ameinua kichwa. "Mama, nani amefunga?"

Nimemwambia anyamaze, akae, asimsumbue mtu.